Kusuka Upya Umeme wa Boti ya Mita 10: Shajara ya Mradi

11 Januari: Hali iliyokuwapo na hesabu ya matumizi

Boti ni ya tanga, yenye injini ya dizeli, alternata (jenereta inayozungushwa na injini) ya ampea 80, betri mbili za risasi za ampea-saa 100 kila moja kwa matumizi ya ndani, na betri ya tatu ya kuwashia injini. Matatizo yake ni matatu. Jokofu huzima usiku wa manane, vyombo vya usukani hujizima na kujiwasha upya kila injini inapopigwa, na AIS, kifaa cha kutambua meli nyingine kwa redio, huona zilizo karibu tu. Mwenye boti wa namna hii hushauriwa mara moja anunue betri kubwa zaidi. Mradi huu unafuata mpangilio tofauti: kupima kwanza, kuisafisha njia ya umeme, na kununua mwishoni kabisa, kwa kuwa betri kubwa iliyofungwa kwenye waya mbovu huongeza muda wa tatizo bila kuliondoa.

Kabla ya kushika bisibisi niliandika kila kifaa, ampea zake na saa zake za kazi kwa siku. Jokofu huvuta ampea 4.5 na compresa yake hufanya kazi karibu nusu ya siku, hivyo peke yake linakula ampea-saa 54. Usukani wa kujiendesha huvuta wastani wa ampea 3, na kwa safari ya saa 10 ni ampea-saa 30. Skrini ya ramani inachukua 12, redio ya mawasiliano ya VHF iliyoachwa ikisikiliza mchana kutwa na usiku kucha 10, AIS 5, na vilivyobaki, yaani taa, pampu ya maji safi, simu na kompyuta, takriban 20. Jumla ni karibu ampea-saa 130 kwa siku ya safari, na karibu 80 boti ikiwa imetia nanga.

Betri za risasi hazipendi kushushwa chini ya nusu, maana kila zinaposhushwa zaidi ya hapo umri wake unapungua. Kwa hiyo ampea-saa 200 zilizoandikwa ubavuni ni 100 tu za kutumika. Hesabu inaonyesha kwamba kwa siku ya safari betri hazitoshi, lakini kwa siku ya nanga zilipaswa kutosha, na jokofu lilikuwa likizima hata siku za nanga. Tofauti hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye nyaya.

25 Januari: Kupima upotevu wa volti

Kipimo hiki kinahitaji multimita ya kawaida na kipande kirefu cha waya wa kuongezea mkono mmoja wa mita, na ni lazima kifanywe kifaa kikiwa kinafanya kazi. Waya usiopitisha mkondo hauonyeshi upotevu wowote, hata ukiwa umeoza kiasi gani. Ukipima jokofu limezima utasoma volti zile zile za betri na kudhani kila kitu ni kizima.

Compresa ikiwa inazunguka, betri ilisoma volti 12.4 na kwenye ncha za compresa palikuwa na 11.5. Volti 0.9 zilikuwa zikipotea njiani. Nilipima kila upande peke yake: mkono mmoja wa mita kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye chanya ya compresa, nikapata 0.3. Upande wa hasi nikapata 0.6. Waya ni wa aina moja na urefu ni ule ule, kwa hiyo pande mbili zilipaswa kulingana. Ziada ile ya 0.3 ilikuwa imejificha mahali fulani kwenye hasi.

Nilifuata waya wa hasi kwa mkono hadi chini ya sakafu, juu kidogo ya ngama (sehemu ya chini kabisa ya boti, maji yanapokusanyika), ambako fundi aliyefanya kazi hii zamani alikuwa ameunganisha nyaya nne kwa boliti moja na kuifunga kwa utepe mweusi. Utepe ulipotolewa ulikuja pamoja na ungaunga wa kijani. Katikati ya lagi ya shaba, yaani kichwa kinachobanwa kwenye ncha ya waya, na upau wa kuunganishia nyaya kulikuwa na washa ya chuma iliyokwishakula kutu, ambayo mkondo wote ulilazimika kuipenya. Washa haina ubaya ikikaa juu ya lagi, chini ya nati, kwa sababu pale kazi yake ni kubana tu. Ikikaa katikati ya shaba na shaba inageuka kuwa sehemu ya njia ya umeme, na chuma hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba. Nilikata inchi chache za waya mmojawapo, nikaichuna ngozi. Nyuzi zilikuwa nyeusi ndani kwa ndani, mbali kuliko jicho lilivyotarajia, kwa sababu maji ya chumvi hupanda katikati ya nyuzi kama mafuta katika utambi.

Hapo ndipo kuzima kwa jokofu kulipoeleweka. Kidhibiti cha compresa huihukumu betri kwa volti zinazokifikia chenyewe, na hiki kilikuwa kimewekwa kukata kwenye 11.3. Betri ya risasi yenye volti 12.2 bado ina takriban nusu ya umeme wake, lakini ukitoa 0.9 za njiani unabaki na 11.3, na jokofu linazima likiamini kwamba betri imeisha. Betri kubwa zaidi ingekutana na ukuta ule ule, ila saa chache baadaye.

9 Februari: Nyaya mpya

Ukubwa wa waya niliukokotoa kwa kanuni moja ambayo yeyote anaweza kuitumia: zidisha urefu wa kwenda kwa 2 ili kupata kwenda na kurudi, zidisha kwa ampea, zidisha kwa 0.0175 ambao ni ukinzani wa shaba, kisha gawanya kwa unene wa waya katika milimita za mraba. Jibu ni volti zitakazopotea. Kwa jokofu lililo mita 8 kutoka kwenye betri na ampea 5 za kukadiria, waya wa zamani wa 2.5 unapoteza volti 0.56, karibu 4.7% ya volti 12, hata viungio vikiwa safi kabisa. Waya wa 6 unapoteza 0.23, chini ya 2%. Kiwango cha E-11 cha ABYC, baraza la boti la Marekani, kinaruhusu 3% kwa taa za safari na vifaa vingine muhimu, na 10% kwa visivyo muhimu. Jokofu kwa maana ya usalama si muhimu, lakini kwa kuwa ndilo linalokula umeme mwingi kuliko vyote na ndilo linalokata kwa volti, nimeliweka kwenye 3%.

Nyaya zote ni za shaba iliyopakwa bati, zenye nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mnene haufai kwenye boti, kwani mtetemo wa injini huukata, na shaba tupu huanza kuwa nyeusi mapema.

Viungio vya kwanza havikufaulu. Nilibana lagi kadhaa kwa koleo la bei rahisi linaloacha kishimo kimoja katikati, nikazivuta kwa nguvu kama inavyopasa kufanywa kwa kila kiungio, na baadhi zikatoka mkononi. Zile zilizobaki nilizikata katikati kwa msumeno ili kuona ndani: upande wa kishimo nyuzi zilikuwa zimeshikana, upande wa pili kulikuwa na uwazi unaoonekana kwa macho. Koleo lenye meno ya kubana pande zote, ambalo halifunguki mpaka mbano ukamilike, lilimaliza tatizo hilo. Kulehemu kwa risasi peke yake sikukufanya. Risasi iliyoyeyuka hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya uwe mgumu mahali fulani, kisha unalainika ghafla mbele yake, na hapo kwenye mpaka ndipo mtetemo unapokata. Kila lagi ilivalishwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Ukipashwa moto na gundi ikachungulia pande zote mbili, maji hayana pa kupita.

Nyaya zimehamishwa kutoka ngamani na kupandishwa juu ya mstari ambao maji yanaweza kufika, zikishikiliwa kila baada ya sentimita 45 au pungufu. Gharama ya hatua hii ilinishangaza: nyaya, lagi na mipira ya kusinyaa kwa pamoja vimechukua sehemu ya bajeti iliyo kubwa kuliko niliyoitenga kwa paneli za sola. Anayepanga mradi kama huu aitengee shaba fungu lake mapema, asisubiri kuona kitakachobaki.

Kipimo baada ya kazi: betri 12.4, compresa 12.15.

22 Februari: Fyuzi, upau wa hasi na shanti

Kila waya wa chanya unaotoka kwenye betri sasa una fyuzi yake, karibu na betri iwezekanavyo. Fyuzi inalinda waya, si kifaa, kwa hiyo ukubwa wake unafuata unene wa waya. Waya uliotoka betrini bila fyuzi ukichubuka na kugusana na hasi, hakuna kitakachouzuia kuwaka. Pampu ya ngama ina njia yake ya peke yake, yenye fyuzi, isiyopita kwenye swichi kuu, ili iendelee kufanya kazi hata boti ikiwa imefungwa na kuachwa.

Kwa ajili ya kuhesabu umeme unaoingia na kutoka, niliweka shanti, kipande cha kupimia mkondo unaokipitia, kwenye hasi ya betri. Mwanzoni kipimo kilidanganya. Baada ya siku chache za jua kali kilisema betri ziko kwenye 60%, ilhali volti na mkondo wa kuchaji zilionyesha kwamba zimejaa. Chanzo kilikuwa hasi ya kidhibiti cha sola, iliyokuwa imefungwa moja kwa moja kwenye ncha ya betri. Umeme wa jua uliingia bila kupita kwenye shanti, na shanti huhesabu kile tu kinachoipitia. Kwenye ncha ya hasi ya betri pabaki waya mmoja peke yake, unaokwenda kwenye shanti. Vingine vyote, pamoja na pampu ya ngama, vifungwe upande wa pili. Tangu nilipohamisha waya ule mmoja, kipimo na volti vinakubaliana.

15 Machi: Betri za lithiamu na alternata

Baada ya njia kuwa safi ndipo nilipobadilisha betri. Iliyochaguliwa ni ya lithiamu-chuma-fosfeti ya ampea-saa 200. Inaweza kutumika hadi 80% bila madhara makubwa, yaani ampea-saa 160, na hiyo inatosheleza siku ya safari pamoja na akiba. Inavyokuja ina saketi ya ulinzi ndani yake, ambayo hukata umeme ikiona hatari. Fyuzi yake kuu ni ya daraja la T, kwa sababu lithiamu ikipata shoti hutoa mkondo mkubwa mno, na fyuzi dhaifu inaweza kuungua huku cheche ikiendelea kupitisha umeme ndani yake.

Kuchaji ndiko kulikosumbua. Boti ilikuwa na rilei inayounganisha betri ya injini na betri za ndani volti zinapopanda, na kutenganisha zinaposhuka chini ya takriban 12.8. Mpango huo unafanya kazi vizuri kwa betri za risasi, ambazo zikipumzika hushuka hadi 12.7. Lithiamu ikipumzika hubaki karibu na 13.3. Rilei iliona volti hizo, ikaendelea kuunganisha hata injini ilipozimwa, na betri ya injini ikawa inachajiwa na betri ya ndani bila sababu.

Jambo la pili lilikuwa joto. Betri ya risasi inapokaribia kujaa hukataa mkondo yenyewe, na hivyo alternata hupumzika. Lithiamu hupokea kila ampea inayopewa mpaka karibu na mwisho. Kwenye jaribio la bandarini, injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini na feni ya alternata ikizunguka polepole, ganda la alternata lilipita nyuzi 100 za Selsiasi, nikazima. Alternata iliyotengenezwa kwa kazi fupi ya kujazia betri ya injini haikukusudiwa kutoa nguvu zake zote kwa saa nzima. Kuna hatari nyingine pia: saketi ya ulinzi ya betri ikikata ghafla wakati alternata inasukuma kwa nguvu, volti huruka juu kwa kishindo na kuua dayodi za alternata.

Suluhisho lilikuwa moja kwa matatizo yote mawili. Rilei imeondolewa na mahali pake imewekwa chaja ya ampea 30 inayochaji betri moja kutoka nyingine. Alternata sasa inahudumia betri ya injini, na chaja inachota hapo kiasi kinachojulikana na kukipeleka kwa lithiamu kwa volti zinazoifaa, 14.2. Betri ikikata, alternata bado imeshikamana na betri ya risasi na haijui lolote. Kuchaji kunakwenda polepole kuliko kungeweza kuwa, na nimeridhika na hilo.

Paneli mbili za sola, wati 100 kila moja, zimepewa vidhibiti viwili tofauti. Zilipokuwa zimeungwa mfululizo, kivuli cha foromali kikiangukia moja kilishusha zote mbili. Hakuna la ziada la kuandika hapo.

4 Aprili: Mtandao wa vyombo

Kujizima kwa vyombo wakati wa kupiga injini kulimalizika kwa kuhamisha waya mmoja. Mtandao wa NMEA 2000, unaounganisha vyombo hivyo, ulikuwa unapata umeme kutoka betri ya injini, ambayo volti zake huanguka kwa sekunde chache stata inapovuta. Vifaa vya mtandao huo vimeundwa kufanya kazi kati ya volti 9 na 16. Sasa vinalishwa na betri ya ndani.

Kilichobaki kilikuwa kipima upepo kilichopotea kwenye skrini na kurudi bila mpangilio. Uti wa mgongo wa mtandao huu, yaani kebo yake kuu, unahitaji rezista mbili za ohmu 120, moja kila mwisho, si zaidi wala pungufu. Zima umeme wa mtandao, pima ukinzani kati ya nyaya mbili za data, na usome 60. Ukisoma 120, rezista moja haipo. Mimi nilisoma 40, na 40 ni 120 iliyogawanywa kwa tatu: kulikuwa na rezista ya ziada mahali fulani. Niliikuta nyuma ya ubao wa kabati la omo (mbele ya boti), mahali uti wa mgongo ulipokuwa ukiishia kabla ya kurefushwa hadi mlingotini. Aliyeurefusha aliunga waya mpya kwa kiungio cha njia tatu na kuiacha rezista ya zamani ikining'inia. Kuitoa kulichukua dakika moja. Kuitafuta kulimaliza alasiri nzima. Nimepima pia matawi yote, kwani tawi moja halipaswi kuzidi mita 6.

26 Aprili: Taa ya mlingoti dhidi ya redio

Umbali ambao AIS iliweza kuona ulikuwa mfupi usiku kuliko mchana, jambo ambalo hali ya hewa haikuweza kulieleza. AIS hutumia megahetsi 161.975 na 162.025, jirani kabisa na redio ya VHF, na taa za LED za bei nafuu zina saketi ndogo ya kubadili volti inayotapanya kelele katika eneo hilo hilo. Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu jambo hili mwaka 2018, pamoja na jaribio rahisi: weka redio kwenye chaneli tulivu, fungua kizuia-kelele hadi mvumo usikike, kisha kirudishe polepole mpaka ukome, na hapo hapo washa taa. Mvumo ukirudi, taa ndiyo yenye kosa.

Ulirudi kwa nguvu. Nilijaribu pete za feraiti kwenye waya wa taa, chini na juu. Zilipunguza kelele, lakini hazikuimaliza, kwa kuwa taa iko sentimita chache tu kutoka kwenye antena. Nilibadilisha taa kwa iliyothibitishwa kutotoa kelele, na jaribio likapita. Nikiwa juu ya mlingoti nilibadilisha pia kebo ya antena, RG-58, kwa RG-213. Katika mita 30 ya kebo ya kwanza robo tatu ya nguvu hupotea kabla ya kufika juu. Ya pili hupoteza karibu nusu. Kebo hii ni fupi kuliko hapo, lakini kiungio chake cha chini ya mlingoti kilikuwa kimejaa maji, na maji ndani ya kebo ya antena hayakaushiki.

17 Mei: Dira

Dira ya usukani iligeuka digrii kadhaa skrini mpya ilipowashwa. Waya wa chanya na wa hasi zilipita pande mbili tofauti za dira, na mkondo uliofanya duara kuizunguka ulitengeneza uga wa sumaku. Nimezisokota pamoja ili uga wa mmoja uufute wa mwingine, na sindano sasa haitikisiki kifaa kikiwashwa wala kikizimwa. Nyaya zote zilizo ndani ya mita moja kutoka kwenye dira zimefanyiwa hivyo hivyo.

7 Juni: Vipimo vya sasa na kazi iliyobaki

Boti imetoka na kurudi ikiwa na mzigo wake wote. Asubuhi ya nanga shanti husoma kati ya 60% na 70%, na siku ya jua nzuri paneli hurudisha sehemu kubwa ya kilichotumika. Jokofu halijazima. Upotevu wa volti kwenye taa za safari, redio na pampu ya ngama uko chini ya 3%, na nimeandika vipimo hivyo kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa ubao wa swichi, ili mwakani vipimwe tena na kulinganishwa.

Kazi iliyobaki ni umeme wa bandarini. Waya wa ardhi wa bandari huiunganisha boti na boti nyingine zote zilizochomekwa hapo, na zinki za boti hii, vipande vinavyoliwa na kutu badala ya metali nyingine, zimekwisha haraka kuliko ilivyotarajiwa. Kabla ya kufunga kitenganishi cha mkondo wa kutu nitapima volti kati ya waya huo na maji kwa elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha, kwanza boti ikiwa imechomekwa, kisha ikiwa imechomolewa. Matokeo yataandikwa hapa vipimo vikikamilika.